Jina Halikuulizwa

Mtu aliyezaliwa kwao na kulelewa na waliomzaa hahitaji karatasi imwambie yeye ni nani. Mashahidi wake ni wengi: mkunga aliyemkata kitovu, jirani aliyeamshwa na kilio chake cha kwanza, shangazi asemaye kwamba pua yake ni ya babu. Ushahidi wao haukuandikwa popote, lakini hakuna baraza liwezalo kuukataa. Mimi sikubahatika kuwa na mashahidi hao. Shahidi wangu alikuwa kadi moja ya karatasi ngumu, iliyokunjwa mara mbili, iliyokaa miaka 19 ndani ya mkebe wa bati chini ya kitanda cha mama aliyenilea. Insha hii ni habari ya kadi hiyo, na ya mambo niliyojifunza nilipoifuata ilikotoka.

Benaco ni mahali padogo katika Wilaya ya Ngara, kando ya barabara kuu itokayo mpaka wa Rusumo kwenda Nyakanazi, na kutoka hapo kuelekea Kahama. Leo ni mji wa njiani. Malori yaendayo Rwanda na yatokayo huko hupumzika pale, na wauza chakula hawalali. Jina lake si la Kihangaza wala la Kisubi. Liliachwa na kampuni ya Kitaliano iliyokuwa na kambi yake pale ilipojenga barabara, na wenyeji wakaendelea kulitumia baada ya Wataliano kwenda zao. Nalitaja jambo hili kwa sababu mimi na mji huu tu sawa: wote wawili tulipewa majina na watu wasio wa ukoo wetu, nayo majina yakatukaa.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema kwamba halikupata kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa haraka namna ile. Nyuma yao kulikuwa na mauaji ya kimbari yaliyoanza Aprili 7, ambayo mpaka kwisha kwake mwezi wa Julai yaliangamiza watu zaidi ya 800,000, walio wengi wao Watutsi. Waliovuka Rusumo, kwa wingi wao, walikuwa Wahutu waliokimbia jeshi la RPF lililokuwa likisonga mbele. Miongoni mwao walikuwamo waliomwaga damu, na walikuwamo wasio na hatia, na walikuwamo watoto ambao hawakujua lolote ila njaa na baridi. Chini ya daraja mto Kagera ulikuwa ukichukua maiti kuelekea Ziwa Victoria. Katika muda wa siku chache Benaco, iliyokuwa pori na bwawa la maji, ikahesabiwa miongoni mwa makambi makubwa kuliko yote duniani. Katika majira hayo mtoto mmoja mchanga alifikishwa pale. Mtoto huyo ni mimi.

Niliyajua haya nikiwa na umri wa miaka 19. Mwezi wa Septemba 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, na kila kijiji kikawa kinazungumza habari za asili: nani mwenyeji, nani mgeni, babu wa nani kazikwa wapi. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nikijidhania Mhangaza kama Wahangaza wenzangu. Ulimi wangu haukunishtaki, maana Kihangaza, Kirundi na Kinyarwanda vinakaribiana hata wasemaji wake husikilizana bila mkalimani. Usiku mmoja mama alifunga mlango, akapunguza utambi wa taa, akautoa mkebe.

"Mwanangu," akasema, "kabla mtu mwingine hajakwambia, afadhali nikwambie mimi. Tumbo lililokuzaa si hili. Lakini maziwa uliyonyonya ni haya."

Kisha akanisimulia. Mwezi ule wa Aprili 1994 alikuwa amezika mtoto wake wa siku tisa. Matiti yake yalikuwa yangali yamejaa alipopata kazi ya kufua na kufagia katika hema la watoto wachanga, hema la shirika moja la kigeni lililokuja kusaidia kambi. Nililetwa pale nikilia kwa sauti iliyokwisha kukauka. Muuguzi aliona kanga ya mama ilivyolowa kifuani, akamwuliza kwa ishara kama angeweza. Siku ya kwanza alininyonyesha kwa huruma. Siku ya pili alininyonyesha kwa kuwa alikwisha kufanya hivyo jana yake. Siku ya tatu, alisema, hakujua tena namna ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Baada ya majuma machache aliruhusiwa kunichukua kwa malezi, akapewa kadi yenye namba, akaambiwa aitunze. Akaitunza.

Waislamu wa pwani wana hukumu ya udugu wa kunyonya: aliyenyonya ziwa la mwanamke amekuwa mwanawe, na hawezi kuwaoa watoto wa mwanamke huyo. Sisi wa bara hatukuiandika sheria hiyo, lakini mama aliijua bila kufundishwa. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Kwangu lilikuwa ndiyo kwanza linaanza.

Ili msomaji aelewe nilichokuwa nikitafuta, sharti ajue jinsi watoto waliopotezana na jamaa zao walivyoandikwa. Katika msiba ule wa Rwanda watoto zaidi ya 100,000 walitengana na wazazi wao. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na mashirika mengine yaliwaandika mmoja mmoja, ndani ya Rwanda na katika makambi ya nchi jirani: jina la mtoto, majina ya wazazi, kilima alikozaliwa, mahali alipoonekana, nguo alizovaa, mtu aliyekuwa naye. Picha zao zilibandikwa juu ya mbao ili wapitao wazitazame. Katika mwaka huo huo BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha jamaa, na majina ya waliotafutwa yakasomwa hewani. Kwa njia hizo watoto elfu nyingi walirudi makwao.

Lakini njia hizo humfaa zaidi mtoto anayeweza kusema. Mtoto wa miaka sita hutaja jina la dada yake, au la ng'ombe wao, au la mwalimu wake, na kwa neno hilo moja mtu hupatikana. Mtoto wa majuma mawili hana la kutaja. Kwake yeye nguo, mahali, saa na mtu aliyemleta ndivyo vilivyo ulimi wake. Karani asipomwuliza aliyemleta, mtoto huyo amenyamazishwa, na kunyamaza kwake huweza kudumu mpaka uzeeni.

Nilianza kutafuta mwaka 2019, nilipokwisha kumaliza chuo na kupata kazi ya ualimu. Kwanza nilikwenda katika ghala moja ambako niliambiwa kwamba karatasi za mahema ziliachwa wakati kambi ilipofungwa. Nilikuta maboksi matatu. Daftari moja lilikuwa na mwanzo wake na mwisho wake, lakini katikati mchwa walikuwa wamejenga. Mzee aliyeshika ufunguo alinihurumia, akanipa kiti, nikakaa nusu siku nikigeuza majani yaliyosagika kama unga. Baadaye niliandika kwa ofisi tatu. Ya kwanza haikujibu. Ya pili ilijibu kwa adabu kwamba haina kitu. Ya tatu ilisema kwamba inazo karatasi za aina hiyo, lakini habari za mtu hupewa mwenyewe tu, basi nithibitishe kwamba mimi ndiye mimi kwa kupeleka cheti cha kuzaliwa. Niliombwa cheti cha kuzaliwa ili nielezwe habari ya kuzaliwa kwangu. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana niliona kwamba ofisi ile haikukosea. Karatasi zile zingeweza kumfikia mtu mwovu kama zilivyoweza kunifikia mimi.

Nilipokuwa nikingoja nilisoma habari za watu wa nchi nyingine, nikatambua kwamba simo peke yangu katika njia hii. Uskoti ilimpa mtu mzima aliyeasiliwa haki ya kuona cheti chake cha asili tangu mwaka 1930. Uingereza ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 1975. Ireland ilichelewa mpaka mwaka 2022. Huko wako watu wa miaka 60 na 70 wanaotafuta madaftari ya nyumba za uzazi za zamani, nyumba ambazo wasichana wasioolewa walijifungulia kwa siri na kutoka bila watoto. Nyingi zimekwisha fungwa, na karatasi zake zimehamishwa, zimefichwa au zimechomwa. Huko karatasi ilifichwa ili kusitiri aibu; kwetu karatasi ilipungukiwa maneno kwa wingi wa watu na uchache wa makarani. Sababu ni mbili zilizo mbali mbali, lakini njaa ya mtafutaji ni moja. Hatafuti urithi wala mtu wa kumlaumu. Anatafuta sentensi ya kwanza ya kitabu ambacho amekwisha kusoma kurasa zake nyingine zote.

Baada ya miezi saba, na viapo viwili mbele ya hakimu, jibu lilikuja. Hapo tatizo jipya likazuka. Unyevu wa mkebe ulikuwa umeila tarakimu ya mwisho ya namba yangu, na haikujulikana kama ni 1 au 7. Niliomba zote mbili zitazamwe. Niliambiwa kwamba namba iliyoishia kwa 1 ilikuwa ya msichana wa miaka sita aliyekwisha kurudishwa kwa jamaa zake. Zaidi ya hapo hawakusema, na ilikuwa wajibu wao kutosema. Nilifurahi kwa ajili ya msichana yule nisiyemjua kabla sijaukumbuka moyo wangu. Namba iliyoishia kwa 7 ilikuwa ya mtoto mchanga, mwanamume. Nikatumiwa nakala ya kadi yake.

Maneno yake yalikuwa machache, nami nayatia katika Kiswahili kama yalivyo. Umri: majuma mawili au matatu. Mahali: foleni ya maji, Benaco. Nguo: kipande cha kitenge cha buluu. Aliyemleta: mwanamke, jina halikuulizwa. Amekabidhiwa mhudumu wa hema. Chini kabisa, kwa wino mwingine na mwandiko mwingine, mwezi wa Desemba 1996: mtoto hakuonekana, jalada limefungwa.

Siku nyingi nilikaa na maneno yale mawili, "jina halikuulizwa". Mwanamke yule alikuwa nani? Yamkini alikuwa mpita njia aliyeniokota kando ya maiti. Yamkini alikuwa jirani aliyeagizwa na mtu anayekata roho. Yamkini alikuwa mama yangu mwenyewe, aliyeishiwa maziwa na nguvu, akaona kwamba penye foleni ya maji pana macho mengi na huenda moja likanitazama. Alisimama mbele ya mtu mwenye kalamu. Swali la maneno matatu lingetosha: jina lako nani? Halikuulizwa, naye akageuka akaingia katika watu robo milioni.

Hapo kwanza nilimkasirikia karani yule. Baadaye hasira ilinitoka. Nilimfikiri jinsi alivyokuwa: labda kijana wa umri wangu, hakulala, watoto wanalia pande zote, na mstari wa watu mbele yake hauna mwisho. Tena niliona jambo ambalo hasira ilikuwa imenificha. Angeweza kuandika "hajulikani", neno ambalo humtupia mzigo mwanamke, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa jina. Hakuandika hivyo. Aliandika kwamba halikuulizwa, akautwaa upungufu juu yake mwenyewe. Katika kadi yenye habari chache namna ile, hiyo ilikuwa habari ya kweli, nami namshukuru kwayo.

Mstari wa mwisho ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu uongo wake niliujua. Tarehe 5 Desemba 1996 ilitangazwa kwamba wakimbizi wote wa Rwanda waliokuwa Tanzania watarajiwe kurudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi walijaribu kwanza kukimbilia mashariki, wakageuzwa na askari, na kabla ya mwaka kwisha watu wapatao nusu milioni walikuwa wamelivuka tena daraja la Rusumo, safari hii kuelekea nyumbani. Watoto wasio na wazazi walikusanywa warudishwe pamoja na wenzao. Kadi inasema kwamba mimi sikuonekana. Nilikuwa wapi? Nilikwenda kumwuliza mama.

Hakujitetea. Alisema kwamba alipata habari kuwa anatakiwa kunipeleka kuandikwa. Usiku ule alinibeba mgongoni, akaondoka, akanipeleka kwa kaka yake Biharamulo, wala hakurudi mpaka aliposikia kwamba Benaco imebaki majivu na vigingi vya mahema. "Kule," akasema, "hapakuwa na mtu aliyekuwa akikungoja kwa jina. Hapa nilikuwapo mimi."

Kwa kipimo cha kanuni, mama alikosa. Mwongozo wa shirika la wakimbizi wa mwaka 1994 ulisema kwamba mtoto mkimbizi asiasiliwe mpaka jamaa zake wametafutwa kwa muda wa kutosha, na muda huo ukakadiriwa kuwa miaka miwili. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri iwezekanavyo. Sheria ya nchi ilitaka amri ya mahakama kwa mtu anayeasili mtoto, ilitaka hivyo katika sheria ya zamani na inataka hivyo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mama hakwenda mahakamani. Alikwenda Biharamulo. Ikiwa mwaka 1997 mtu alisimama mahali fulani ng'ambo ya mto akauliza habari za mtoto wa kitenge cha buluu, alijibiwa kwamba hakuonekana, na pengine alirudi kwake akaweka matanga. Upendo ulioniokoa ndio uliofunga mlango ule. Nimejaribu mara nyingi kuyatenganisha mambo haya mawili ili nilisifu moja na kulilaani la pili. Sikuweza. Kanuni ilinitazama kama mmoja wa maelfu, nayo ilikuwa na haki, maana kazi yake ni maelfu. Mama alinitazama kama mmoja, naye hakuwa na mwingine.

Niliichukua nakala ya kadi nikamsomea sebuleni. Yeye hajui kusoma. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, kisha akauliza, "Na juu yangu wameandika nini?"

Nilimwambia kwamba wameandika "mhudumu wa hema".

"Jina hawakuandika?"

"Hawakuandika, mama."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi tuko wawili." Nilimwelewa. Wanawake wawili walinipitisha kutoka mauti kwenda uhai, mmoja kwa kunileta na mmoja kwa kuninyonyesha, na karatasi iliyoshuhudia kazi yao haikushika jina la hata mmoja. Tangu siku ile mama hakumtaja tena mwanamke wa foleni kama mtu wa kuogopwa. Alianza kumwita mwenzangu.

Yeye ndiye aliyesema kwamba jalada lifunguliwe. Nilimweleza hatari zake. Kuandika kwamba nipo kulikuwa kukiri kwamba sikuzaliwa na yule ambaye cheti changu cha baadaye kilimtaja. Shauri la hali yangu kisheria lingeanza upya, nalo hata leo lingali mbele ya wahusika nami nalingoja. Huenda pia akatokea mtu wa kunidai, na sijui kama ni katika ukoo wa walioukimbia upanga au wa waliouchukua. Mama alisikiliza yote. Akasema, "Umri wangu umekwenda. Nikifa umeandikwa kwamba hukuonekana, nitakuwa nimekuiba. Waambie nilikuona."

Basi tukaandika barua, mimi kwa kalamu na yeye kwa dole gumba. Tuliomba maneno yaongezwe chini ya mstari wa Desemba 1996: mtoto ameonekana, na jina kamili la mama aliyemlea, pamoja na kijiji chake, na kwamba yeyote atakayeuliza habari zake aelekezwe kwake. Ofisi ilikubali. Mpaka ninapoandika insha hii hakuna aliyeuliza. Lakini kadi sasa ni kamili kwa kadiri ambavyo walio hai wanaweza kuikamilisha.

Wasomaji wa jarida hili wengi ni wanafunzi, na katika miaka michache mtashika kalamu katika zahanati, mashule, mahakama na ofisi za wilaya. Watakuja mbele yenu watu waliochoka, wamebeba watu wasioweza kusema. Mtakuwa na haraka, na sehemu moja ya fomu itaonekana kuwa haina maana. Kumbukeni kwamba fomu ile haiandikwi kwa ajili ya mkuu wenu atakayeikagua mwisho wa mwezi, ambaye ataridhika na lolote. Inaandikwa kwa ajili ya mtoto aliyemo ndani yake, ambaye baada ya miaka 25 atakuja kuisoma kwa miwani ya machozi, neno kwa neno, akitafuta sauti ya mtu. Mwulizeni anayeleta jina lake, na mwulizeni anayepokea jina lake, na yaandikeni yote mawili kwa mwandiko unaosomeka. Na kama hamkuuliza, andikeni kwamba hamkuuliza.